Neno Alilolichagua Mwanalima

Wifi yangu Mwanalima anajua maneno machache tu ya Kiingereza, na moja kati ya hayo nusura limkoseshe mjukuu. Watu wa mtaa wetu hapa Kismayu wameshalisimulia jambo hili kila mmoja kwa chumvi yake, na wako waliofika kusema kwamba alimtukana mkwewe kwa makusudi. Mimi nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja siku ile. Basi nitalieleza mimi, Mishi, na asiyetaka kunisikiliza akaangalie chungu chake jikoni.

Mwanalima anaoka mkate wa mofa. Kila asubuhi huwasha lile tanuri la udongo lililochimbiwa nusu ardhini nyuma ya nyumba, na likishika moto huchota unga wa mtama uliolala ukaumuka, akaubandika kwenye kuta za ndani kwa mkono mtupu. Mkono wake wa kulia hauna unywele hata mmoja. Wateja wake ni wavuvi wanaotoka Burgao, akina mama wa sokoni na walimu wa chuo, na wote wanajua kwamba mkate wake hausifiwi mbele yake. Ukimwambia mkate wa leo umetoka mzuri, atakujibu kwamba umeungua chini, na atakupa uliovunjika. Mgeni hudhani ana kiburi. Mimi niliyemjua tangu tulipokuwa wasichana najua kwamba anaogopa.

Anaogopa jicho. Haogopi jicho la hasidi peke yake, anaogopa hata la mtu anayekupenda, kwa sababu hilo ndilo linalokutazama sana. Mimi si mtu wa kuamini kila kinachosemwa jikoni, na sheikh wetu ametuambia mara nyingi kwamba anayeona kizuri aseme masha Allah, asome, amwachie Mungu. Mwanalima husema masha Allah, na husoma, kisha huongeza yake. Ukitaka kumwelewa ni lazima nikurudishe Ngumi kidogo.

Ngumi ndicho kisiwa chetu. Huko ndiko kaka yangu Hussni, aliyekuwa fundi wa mashua, alikomwoa Mwanalima, na huko ndiko walikozika watoto wawili kabla hata hawajajua kucheka. Alipozaliwa wa tatu, marehemu mama yetu hakungoja. Katika nyumba yetu, mtoto aliyefuata wenziwe waliofariki hakulazwa kitandani kwanza. Alipelekwa jaani, palipotupwa majivu na magamba ya samaki, akalazwa hapo juu ya kitambaa, apite mtu amwokote kama kitu kilichotupwa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilimwokota, nikasema kwa sauti ili kila mwenye masikio asikie, kibaya hiki, nani alikitupa? Mwanalima akatoka mlangoni, akamnunua kwangu kwa kisaga cha mtama. Mtoto akapewa jina la Fuadi, lakini mama yake hakumwita hivyo. Alimwita Kibaya.

Sharti la jambo hili ni moja. Mtoto huitwa mbaya mpaka jino lake la kwanza litoke. Jino likitoka, amekwisha kuishika dunia, na hapo mama anaruhusiwa kusema wazi kwamba ni mzuri. Kabla ya hapo neno halielezwi kwa mtu yeyote asiyelijua. Huwezi kusema namwita mbaya kwa sababu ni mzuri, maana umeshasema mzuri, na kazi yote imeharibika.

Jino la Fuadi lilitoka salama. Mwanalima alimwita mzuri mbele yetu sote na akatupikia wali wa nazi. Lakini vita vilipotukuta, tukapakiwa mashuani kwenda Mombasa, nilimwona amemfunika kijana wake kwa leso na nikamsikia anamwita Kibaya tena. Sikumuuliza. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuulizana maswali ndani ya mashua ile.

Hussni alifia kambini Mombasa, kwa maradhi. Fuadi akakua, akapata njia ya kwenda Uingereza, akapata kazi huko. Mimi na wifi yangu, nchi ilipotulia kidogo, tukarudi Kismayu, yeye na mofa yake na mimi na kuku wangu. Fuadi alipooa, alioa binti wa watu wa Chovai, Samiha, na tulifurahi kwamba ni wa visiwani kama sisi. Kumbe binti mwenyewe amezaliwa huko huko Uingereza na kulelewa kwa Kiingereza. Kibajuni chake kilikuwa cha kuitiwa chakula na kunyamazishwa, basi.

Kwa hiyo kila Ijumaa, simu ya picha ikipigwa, Mwanalima alisema neno, Fuadi akaligeuza, Samiha akajibu, Fuadi akaligeuza tena. Mwanalima aliona uchungu wa jambo hili kuliko alivyoonyesha. Siku moja aliniambia, "Wifi, mke wa mwanangu namsemesha kwa mdomo wa mumewe mpaka lini? Mchu akinipenda nataka nimsikie mwenyewe." Mchu ndiye mtu, kwa Kibajuni chetu.

Ndipo akaenda kwa Tima.

Tima ni msichana wa Kibajuni aliyekulia Mombasa wakati wa ukimbizi, akasoma huko hadi akamaliza, kisha akarudi kwao. Baada ya alasiri hufundisha Kiingereza sebuleni kwa mama yake, na wanafunzi wake wote ni kina mama na bibi wenye wajukuu Ulaya. Hawataki barua wala vyeti. Wanataka kuzungumza na wajukuu kabla hawajafa. Tima alipoona kwamba kina mama hawa hawakai na sarufi, alibuni njia yake mwenyewe. Huchagua sifa moja kila wiki, neno moja la kueleza kitu kilivyo, na wiki nzima wanafunzi hulibeba nyumbani na kuligusisha kila wanachokiona. Wiki ya hoti tulichoka. Chai hoti, jua hoti, mofa hoti, na jirani mmoja aliyetoka kugombana na mumewe akasema mume hoti, Tima akacheka mpaka akaketi chini.

Mimi nilienda kumsindikiza wifi yangu, nikajikuta nimekuwa mwanafunzi.

Habari ya mtoto ilitufikia wakati huo. Lazima niseme kwamba Samiha alikuwa ameshapoteza wawili, wote wachanga, na mara zote mbili Mwanalima alilia hapa akiwa na unga mikononi, hana la kumwambia mkwewe ila kupitia kwa Fuadi. Alipozaliwa wa tatu, msichana, wakampa jina la Tasnim, na Fuadi akaahidi kwamba baada ya Ramadhani wataleta mtoto Kismayu apakatwe na nyanya yake. Mwanalima hakupiga kigelegele. Aliinuka akaenda kwa Tima mbio mbio, leso inamdondoka.

Nilimkuta ameshafika, amesimama mbele ya ubao. Alisema, "Mwalimu, wiki hii nataka neno la mbaya."

Tima akamuuliza mbaya wa namna gani. Akamweleza, kwa subira ile yake, kwamba sisi neno moja linatutosha, chakula kibaya, tabia mbaya, sura mbaya, habari mbaya, yote ni mbaya tu. Waingereza wamegawa. Wana bedi, ambayo ni mbaya wa kila kitu, wa tabia na wa chakula kilichochacha. Na wana hili, akaliandika, ugly, kina mama wakalisoma agli. Hili ni la macho zaidi. Nyumba agli, kidonda agli, kiatu agli. Watu wakigombana mpaka ikawa aibu, husema ugomvi umekuwa agli, maana umefika mahali hata kuutazama hupendi. Hata wingu zito baharini huliita hivyo.

"Mwana mchanga je?" akauliza Mwanalima.

Tima akafikiri anatania. "Huyo haambiwi, ma' Mwanalima. Hata akiwa na sura gani. Hilo ni neno gumu, ukilisema juu ya mtu mbele yake ni kama umemchapa kofi. Waingereza wanaweza kumwita mtoto bedi akimwaga maziwa, kesho wamesahau. Agli haisahauliki."

Niliuona uso wa wifi yangu. Mtu mwingine angerudi nyuma. Yeye aling'aa kama aliyeonyeshwa mahali pa kuchimba kisima. Mtoto mchanga hajafanya ubaya wowote, kwa hiyo bedi haikumfaa. Na kadiri neno lilivyokuwa kali, ndivyo lilivyofaa kuwekwa mlangoni pa mtoto lilinde. Alichagua hilo, ingawa mimi hayo niliyaelewa baadaye. Wiki nzima alikwenda nalo, kuku agli, kuni agli, mchuzi agli, na mimi nikafikiri ni mchezo wa darasa kama siku zote. Hakuniambia. Angeniambia ningemshika leso nimketishe.

Ijumaa ilipofika alioga, akafunga leso mpya na kukaa mkekani simu ikiwa imeegemezwa kwenye sinia. Picha ilikuja na ukungu wake, maana mtandao wetu ni wa kubahatisha. Tulimwona Samiha na kichwa kidogo kimelala begani kwake, na Samiha akaonyesha kwa mikono kwamba Fuadi ametoka kwenda dukani, atarudi sasa hivi. Mwanalima hakungoja arudi. Hiyo ndiyo nafasi aliyokuwa akiitafuta.

"Samiha," akasema, machozi yako tayari. "Beibi agli. Veri agli."

Samiha akasogeza uso karibu, akauliza kitu. Mwanalima akafikiri anataka kusikia vizuri.

"Veri, veri agli," akasema, akatabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo, akabusu kioo cha simu.

Picha ikageuka dari, kisha ikakatika. Wifi yangu akajifuta macho akanitazama. "Umeona alivyofurahi? Ameshindwa hata kusema."

Mimi nilimwambia ajue kwamba amemtukana mwana wa watu, na tukagombana pale pale mkekani mpaka chai ikapoa. Yeye alisema Samiha ni wa Chovai, damu yake itaelewa. Nikamwambia damu haifundishwi Kibajuni Uingereza.

Ijumaa iliyofuata simu haikulia. Wala iliyofuata hiyo. Mwanalima alikuwa akiketi mkekani na leso yake safi, simu kwenye sinia, mpaka magharibi. Hapo akaanza kuelewa. Mikate ikawa inatoka mofani mikubwa na midogo, naye ndiye aliyezoea kuwasuta waokaji wenzake kwa mikate isiyolingana. Tima aliposikia alikuja mwenyewe, macho mekundu, akamwambia nipe namba, nitampigia Samiha nimweleze kwa Kiingereza chote.

"Humwelezi," akasema Mwanalima.

"Ma' Mwanalima, ni maneno mawili tu. Atafurahi."

"Mwana hana jino. Nikieleza kisha akapata jambo, nitakuwa nimemla mimi. Wacha mamake anichukie. Akinichukia mwana akapona, nimeridhika." Akatugeukia sote wawili, akatuapisha kwa jina la Mungu tusieleze. Tima akaapa akilia. Mimi nikaapa nikiwa nimekasirika, lakini kiapo ni kiapo hata ukikila kwa hasira.

Nilimkasirikia kweli. Nilimwona mwanamke mwenye kichwa kigumu anayejichimbia shimo na hataki kamba. Na usiku huo huo nilimwonea huruma mpaka nikakosa raha, kwa sababu tangu nimjue hajawahi kutaka kitu kama alivyotaka kumpakata mtoto yule, na alikuwa anakiachia kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki iliyofuata Tima, maskini, alitaka kuliponya darasa. Akaleta neno la mzuri, biutiful. Akaeleza kwamba hili Waingereza hulimwaga ovyo, juu ya maua, juu ya siku yenye jua, juu ya chapati, juu ya mtoto wa mtu wasiyemjua njiani. Kina mama walilipenda, likaruka mdomo hadi mdomo. Mwanalima alikuja, hakukosa, lakini alikaa nyuma na leso ameizungusha mdomoni mwanzo hadi mwisho. Nilimwona akisikiliza kwa makini sana.

Kisha Fuadi akanipigia mimi. Hakumpigia mama yake. Nilikuwa uani na kuku.

"Shangazi, shikamoo. Mama ana nini?"

Nikamwambia marahaba, mama yako mzima, anaoka.

"Samiha analia tangu siku ile," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mtoto ana alama nyekundu shavuni, amezaliwa nayo. Watu huku wakiiona hutazama pembeni. Hakuna aliyesema kitu. Wa kwanza kusema akawa mama yangu mzazi. Tumeamua hatuji, shangazi. Mwambie wewe, mimi siwezi."

Alama hatukuiona, wallahi. Simu yetu ile huonyesha mtu kama yuko nyuma ya chandarua. Nilisimama pale kuku wananizunguka miguuni, nimefungwa mdomo na kiapo, na kijana niliyemwokota jaani kwa mikono yangu anataka kuikata kamba na mama yake. Hasira ilinipanda, lakini safari hii ilinifaa.

"Fuadi," nikamwambia, "mamako hukwita nani?"

"Shangazi, si wakati wa..."

"Nijibu. Hukwita nani?"

Akasita. "Kibaya."

"Tangu lini?"

"Tangu nijijue."

"Siku ulipompigia kumwambia umepata kazi, alikwita nani? Siku ya nikaha yako je? Siku ulipokuwa na homa kambini, amekupakata kutwa kucha, alikuwa anakwita nani?"

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Umewahi kumsikia akimwita mchu mwengine neno hilo? Mimi je, niliyegombana naye maisha yangu yote?"

Mtu anaweza kubeba jina lake miaka na miaka asilitazame hata mara moja, kama mlango wa nyumba aliyozaliwa. Alikuwa amelijua kama jina. Hakuwahi kujua kwamba ni neno.

"Mimi sina la kukueleza," nikasema. "Nina kuku wa kuchinja." Nikakata.

Sikuvunja kiapo. Mtu akitaka kunihukumu na anihukumu.

Siku chache zilipita. Asubuhi moja Mwanalima alikuwa kwenye mofa, donge mkononi, simu yake ikapiga kelele ile ya ujumbe. Alinipa niifungue kwa kuwa mikono yake ilikuwa na unga. Ilikuwa picha ya kutembea. Samiha amekaa kitandani, macho yamevimba, amemwinua mtoto wake sawasawa na simu, shavu lenye alama mbele kabisa, hakulificha. Akasema polepole, kwa ulimi mzito wa mtu anayejifunza kutembea juu ya mawe, "Mama. Kibaya. Kibaya changu."

Mwanalima aliniambia niirudie. Nikairudia. Akaniambia niirudie tena. Alikuwa amekaa chini kwenye majivu, mkono mmoja bado umeshika donge, analia na kucheka, na mikate iliyokuwa ndani ikaungua yote. Siku hiyo alipowaambia wateja kwamba mkate umeungua chini, alisema kweli.

Walikuja baada ya Ramadhani kama walivyoahidi.

Kwenye uwanja wa ndege tulisimama nje, kwenye jua, mimi na Mwanalima na Tima, aliyekuja kutafsiri ikilazimu. Fuadi alitoka na mizigo, amenenepa. Nyuma yake Samiha, mtoto amefungwa kifuani. Mama mmoja aliyeshuka nao ndege moja, mgeni wa watu wengine, alikuwa akitembea kando yake akimchekea mtoto, na akasema kwa kile Kiingereza cha Ulaya kwamba ni biutiful, biutiful beibi. Mwanalima alishika mkono wangu mpaka kucha zikaingia.

Samiha akauona uso wa mama mkwe wake ulivyobadilika, akasimama. Akavuta ncha ya mtandio wake, akamfunika mtoto uso.

"No," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Agli. Veri agli."

Yule mama wa watu alibaki mdomo wazi. Tima aligeuka akatazama ukuta, mabega yanamtikisika. Wifi yangu hakuhitaji tafsiri, hilo ndilo neno la Kiingereza analolijua kuliko yote. Alikwenda akasimama mbele ya mkwewe, na Samiha akafungua kitambaa, akampa mtoto. Mwanalima aliiona alama. Aliipitishia kidole taratibu, kisha akaipiga busu, akamwita aje kwake, "Ndoo, kibaya. Ndoo kwa nyanyako." Nami nikajifanya nahesabu mizigo.

Walikaa nasi mwezi na zaidi. Samiha alijifunza kubandika mkate, akaungua, akatukana kwa Kiingereza maneno ambayo Tima alikataa kutufundisha. Jioni walikuwa wakikaa wawili kwenye mkeka, mkwe na mama mkwe, wakibadilishana maneno kama watu wanaobadilishana sahani, hili letu, lile lenu. Fuadi alikuwa akipita akiwaangalia, hana kazi tena ya kumgeuzia mtu maneno.

Halafu asubuhi moja Mwanalima alikuwa anamlisha mtoto uji, na kijiko kikagonga kitu. Alikigongesha tena, kwa makusudi. Akatia kidole. Akaniita, nikatia changu. Lilikuwepo, dogo, kali kama chembe ya mchele. Nilitaka kupiga kigelegele akanizuia kwa mkono. Alimwita Samiha kutoka ndani, na Samiha akaja mbio akidhani kuna jambo baya. Mwanalima akajifuta mikono, akajifunga leso vizuri. Akamweka mtoto sawa magotini. Alikuwa amelisikiliza neno lile wiki nzima akiwa ameziba mdomo, na hakuwa amelipoteza.

"Beibi," akasema, "biutiful."

Samiha alipiga magoti pale uani akalia kwa sauti, kama mtu aliyetua mzigo. Hapo ndipo kigelegele changu kikatoka, na majirani wakaja, na Mwanalima akasimulia jambo zima mwanzo hadi mwisho kwa kila aliyetaka kusikia, ya jaani na ya jino, na Tima akaligeuza kwa Kiingereza neno baada ya neno. Fuadi alisikiliza amesimama mlangoni. Alikuwa hajui kwamba aliwahi kulazwa juu ya majivu.

"Na mimi, mama?" akauliza mwishowe. Alitaka iwe mzaha lakini sauti ilimsaliti. "Mimi nina meno mdomo mzima."

"Wewe nilishakwita mzuri huko Ngumi, shangazi yako shahidi," akajibu. "Ikaya vita, nikalirudisha lile jingine. Kisha ukaenda mbali. Ningekwachaje utembee ulimwenguni umzuri hivi hivi, na mimi siko?" Akamtazama mwanawe juu mpaka chini, yule mtu mzima mwenye tumbo. "Lakini leo uko kwangu. Ndoo hapa, mzuri wangu."

Fuadi akaenda. Akainama akaweka kichwa chake mapajani kwa mama yake, kando ya mwanawe, na mkono ule usio na unywele ukamshika shingo.

Siku ya safari tuliwasindikiza tena uwanjani. Wamepanga kuja kila mwaka, na Samiha anasema mwakani wataanzia Ngumi. Mizigo ilipokwisha kuingia, Mwanalima akamvuta Fuadi sikio, akamwambia, "Haye, nenda salama, Kibaya." Fuadi akacheka akambusu mkono. Mwanalima akamchukua mtoto, akamfunika uso kwa mtandio, akamwambia agli, agli wangu, ingawa meno yalikuwa mawili sasa, kwa kuwa njia ni ndefu. Akamrudisha kwa mama yake.

Samiha akainama kuaga, na Mwanalima hakumwachia. Alimshika uso kwa mikono miwili. Nilimwona anatafuta neno, na nilifikiri atasema lile la mzuri, kwa sababu binti alikuwa amelistahili mara nyingi.

"Na wewe," akamwambia. "Wewe pia, agli. Veri agli."

Samiha aliuweka uso wake wote ndani ya viganja vile, akasema, "Asante, mama."